Shairi la Mama Yangu Limeitwa la Mashine

Ndugu wasomaji, nisitiri jina, mji wetu mdogo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeachika, naishi Bagamoyo na wanangu wawili. Utunzi nimeurithi kwa marehemu mama, na harusi nyingi za mtaani kwetu huimbwa maneno yangu.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu wa chuo kutoka Dar es Salaam. Alisema huko kuna kompyuta, imelishwa maneno na mizani, ikatunga shairi la msiba. Akataka kupima kama mashine yaweza kubuni kama mtu. Watunzi tukatoa mashairi yetu, yakachanganywa na la mashine, wazee watatu wakahukumu lipi ni la mashine. Mmoja wao ni kaka yangu, tumbo moja. Mimi nikatoa lile nililomtungia mama alipofariki, ambalo sijamsomea mtu.

Kwetu mtunzi hujitaja katika ubeti wa mwisho. Mwalimu akakata beti zote za mwisho ili mashine isijulikane. Jina langu likaondoka, na la mama pia.

Liliposomwa langu, kaka akacheka. "Hili ndilo la mashine! Vina vyote sawasawa. Mwenye msiba huteleza, bwana. Hili halijafiwa." Wenzake wakaafiki. Liliposomwa la mashine, kaka akafuta machozi. "Huyu kazika mama yake," akasema.

Jamani, niliumia! Vina vile nilifundishwa na mama, nikikosea napigwa kofi. Kuvinyoosha ndiko kulikuwa kulia kwangu.

Mwalimu alipofichua, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sasa naitwa Bi Kompyuta, na jirani yangu kaozesha binti kwa maneno ya mtunzi mwingine. Nikamfuata kaka.

"Shikamoo kaka. Hukumsikia mama mle ndani ya shairi langu?"

"Marahaba. Sasa nifanyeje, mdogo wangu? Lako kavu. La mashine limenigusa, nami siwezi kusema uongo."

Hakuishia hapo. Hitima ya mama inakaribia, naye ameagiza baada ya dua lisomwe lile la mashine. Na msomaji niwe mimi, eti ndimi mwenye sauti nzuri.

Nikikataa, watasema naionea kijicho mashine. Nikikubali, nitasimama mbele ya ndugu zangu nimlilie mama yangu kwa maneno ya kitu ambacho hakikuzaliwa na mtu, na najua kaka atalia tena. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?