Siku Bibi Alipotoa Povu Murongo

Enzi zetu, huku Songambele, mtoto aliujua mpaka kabla hajajua a-e-i-o-u. Tulijua kwamba ng'ambo ya Mto Kagera kuna Uganda, kwamba Uganda kuna sabuni, na kwamba serikali haitaki tuoge. Hilo la mwisho tulilibuni wenyewe, lakini mtoto aliyesuguliwa kwa majani ya mpapai asubuhi ya baridi angewaza nini kingine?

Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na maduka ya Nkwenda yalikuwa na rafu nzuri zilizojaa vumbi. Nguo tulifulia majivu ya maganda ya ndizi. Shati la shule lilikuwa jeupe siku ya kununuliwa tu. Baada ya hapo liliishi na rangi ya chai. Vijana wa leo, bando likiisha mnatangaza kwamba mmeteseka. Haya, poleni.

Wazee walisema mpaka ule ulichorwa na wazungu ambao hawakumuuliza mtu yeyote wa huku. Mama mdogo, anayemfuata mama yangu, aliolewa ng'ambo, upande wa Kikagati, zamani mtu alipovuka pale Murongo kama anavyokatiza shamba la jirani. Mpaka ulipobanwa, yeye akawa mtu wa nchi za nje, na zawadi zake zikawa magendo.

Basi mama akajifungua mapacha. Ubatizo ulipokaribia, Bibi akaapa: "Wajukuu wangu hawaingii kanisani wakinuka majivu!" Akanichukua mimi, binti wa darasa la tatu, maana bibi mwenye mjukuu hashukiwi sana. Tukavuka kwa mtumbwi, njia ya panya. Mama mdogo akatupikia matoke, akatukaangia senene, akalia, akacheka, akalia tena. Wakati wa kuondoka akamfunga Bibi miche ya sabuni kiunoni, akamvika juu yake gomesi, lile vazi pana la akina mama wa Uganda. Bibi aliyekwenda mwembamba kama ufito akawa na kiuno cha mke wa mchungaji.

"Mama, utatembeaje?" mama mdogo akauliza.

"Kwa heshima," Bibi akajibu.

Tulikwisha kuvuka mvua ilipotukuta, ile ya kwetu isiyobisha hodi. Na pale njiani, chini ya mti, alikuwa amesimama mgambo Rwegoshora, kijana wa kijijini kwetu ambaye Bibi mwenyewe ndiye aliyemzalisha mama yake.

"Shikamoo Bibi. Unatoka wapi?"

"Marahaba. Kumwona mgonjwa."

"Mbona umenenepa hivyo?"

"Nimevimba kwa majonzi."

Rwegoshora akatazama chini. Povu lilikuwa likishuka miguuni mwa Bibi, jeupe, zuri, likinukia kuliko kijiji kizima.

"Na hilo povu?"

Bibi akainama, akalitazama kama analiona mara ya kwanza. "Uzee, mwanangu. Ukifika utayaona."

Rwegoshora hakucheka. Alizichukua sabuni zote, mche kwa mche, kwa jina la serikali. Siku hizi mkisema mtu ametoa povu, mnamaanisha amekasirika kwenye simu. Bibi yangu alilitoa lenyewe, tena mbele ya mwenye bunduki. Lakini njia nzima ya kurudi alilia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Mapacha wakabatizwa wakinuka jiko. Tulipotoka kanisani, Rwegoshora alikuwa amesimama mlangoni na mkewe, shati lake jeupe hadi linaumiza macho, sisi wengine wote tukiwa rangi ya chai. Bibi akamwendea mbele ya watu, akasogeza pua kwenye kola, akavuta pumzi ndefu.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya kuimbisha kwaya, "serikali inanukia vizuri."

Wazee wa kanisa walijaribu kukohoa. Ikashindikana. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kesho yake mke wa Rwegoshora akaja kwetu na miche iliyobaki, imefungwa kwenye jani la mgomba, akaiweka kizingitini, akaondoka bila kuinua macho. Tangu siku hiyo, Bibi akipita Murongo, mgambo alikuwa akitazama milima.

Leo maduka ya Nkwenda yamejaa hadi barazani, na bodaboda inakufikisha mpakani kabla hujachoka kuzozana na dereva. Unaonyesha kitambulisho, unapita. Mama mdogo alifariki mwaka jana. Kundi letu la ukoo kwenye simu lilijaa vikatuni vinavyolia, mishumaa inayowaka na maua yanayometameta. Vijana waliandika "pumzika kwa amani" kwa ufundi mkubwa. Siku ya mazishi tulivuka wawili, mimi na mama yangu, naye anatembelea fimbo.

Wajukuu wa marehemu walitupokea kwa adabu, wakatukalisha kwenye viti vya wageni, wakatuuliza sisi ni akina nani.