Mkebe wa Mwalimu Kabula

Usiku ule nililala kwa furaha ya kujilazimisha. Nilijifunika khanga mpaka puani nikajisemea, Zuwena, kesho ndiyo kesho, lala. Kando ya kitanda kishikwambi changu cha kufundishia kilikuwa kinachaji, taa yake ndogo ya kijani inapepesa. Vya watoto nilikuwa nimeshavichaji shuleni. Ndiyo kazi yangu hiyo. Darasa la kwanza wananiita Madam Chaji, na mimi nacheka tu, maana hata mwenyewe sina hakika kama ni mwalimu. Nina cheti cha kidato cha nne ambacho sikionyeshi watu, na kingine cha mafunzo ya siku tano ya vishikwambi. Najitolea.

Lakini nieleze kwanza nilichokuwa nimekifanya mchana wake.

Asubuhi inayofuata walikuwa wanakuja wageni, watu wa mradi uliotuletea vishikwambi, kuangalia watoto wanavyojifunza kusoma. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini.

"Madam Zuwena, kesho nataka kijani tupu. Kama bustani ya mchicha."

Kila mtoto ana mstari wake kwenye kishikwambi changu. Akifanya vizuri unakuwa kijani, akishindwa unakuwa mwekundu.

"Ikiwa kijani, vishikwambi vinabaki hapa, na wewe nitakuombea nafasi ya chuo cha ualimu. Ikiwa nyekundu..." Hakumalizia. Alikuwa anamenya karanga.

Mstari mwekundu ulikuwa mmoja tu, wa Nyamizi. Na Nyamizi anajua kusoma, jamani! Mpe kijiti, atakuandikia uwanjani mpaka kuku wasimame kuangalia. Ila mbele ya kioo anaanza kwa kufuta kidole kwenye sketi, huku na huku, asije akakichafua. Halafu anafikiri. Kishikwambi hakimngoji mtu anayefikiri. Kinalia tii, kinampa wekundu wake, kinaendelea na safari.

Basi baada ya kengele nikamwita pembeni.

"Nyamizi, mama, kesho pumzika nyumbani."

Akaniangalia. "Kwani naumwa, Madam?"

"Huumwi. Unapumzika tu."

"Na keshokutwa nije?"

"Njoo."

Akaondoka anarukaruka. Nikafungua orodha, nikabonyeza jina lake. Kishikwambi kikaniuliza: Una uhakika unataka kumwondoa mwanafunzi huyu? Nikabonyeza Ndiyo. Nitamrudisha, nilijiambia. Ni siku moja tu.

Ndivyo nilivyolala.

Nikajiona niko darasani. Si hili la sasa lenye marumaru, ni lile letu la zamani, la sakafu ya udongo tuliyokuwa tukiinyunyizia maji vumbi lisipande. Vishikwambi vimepangwa juu ya madawati. Wageni wamekaa nyuma. Nyuso zao sizioni, naona viatu tu, vinang'aa. Ukutani mistari ya watoto, yote kijani. Nikafurahi. Nikafungua kinywa nianze somo, mara mlango ukasukumwa, akaingia Mwalimu Kabula.

Mwalimu Kabula ndiye aliyenifundisha kusoma. Alifariki nikiwa kidato cha pili, na udongo nilimtupia kwa mkono wangu huu. Sasa amesimama pale na gauni lake la kitenge cha bluu, ndala moja imeshonwa kwa waya, na mkononi ana mkebe.

Mkebe ule ulikuwa wa maziwa ya unga. Enzi zake kila mtoto alikuwa na kizibo chake cha soda, jina limekwaruzwa kwa msumari. Ukienda nyumbani unakitumbukiza mkebeni, asubuhi unakichukua, unakwenda kuhesabia nacho. Kabla ya somo Mwalimu aliutikisa. Mkebe ukinyamaza, tunaanza. Ukilia, kuna mtu hayupo, na hakuna somo mpaka ijulikane yuko wapi. Kuna siku tuliimba nyimbo zote tulizozijua zikaisha, tukarudia, tukimngoja mtu mmoja aliyekuwa anatoka ng'ambo ya mto.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Wanasema wafu hawaitikii salamu. Aliunyanyua mkebe akautikisa.

Kwacha. Kwacha. Kizibo kimoja.

Viatu vya wageni vikasogea. "Wapo wote, Mwalimu," nikasema haraka. "Ona ukutani, kijani tupu." Akautikisa tena. Nikainama chini ya madawati nihesabu miguu ya watoto. Nahesabu, nakosea, naanza upya. Miguu inaongezeka, inapungua, na mlio ule sasa hautoki mkebeni. Unatoka kifuani kwangu, kwenye kishikwambi nilichokikumbatia. Nakitega sikio. Kizibo kinagonga kioo kwa ndani, polepole, kama mtoto anayebisha hodi huku anaogopa kuuchafua mlango.

Nabonyeza. Hakifunguki. Nafuta kidole kwenye sketi, huku na huku, nabonyeza tena. Kidole changu kimekuwa kidogo, kina udongo kwenye kucha. Nimekaa dawati la mbele, nina miaka saba, kitabu kiko wazi, na wenye viatu wananingoja nisome.

Hili lilitokea kweli. Nilikuwa wa mwisho kujua kusoma darasa zima, na siku wakaguzi walipokuja nilijificha nyuma ya choo. Mkebe ukalia. Mwalimu Kabula akawaacha wakaguzi wamekaa, akanifuata mwenyewe, akaniketisha mbele yao. Nilisoma mstari mmoja. Ulichukua muda mrefu mpaka mkaguzi mmoja akafunga kalamu yake.

Lakini ndotoni mstari hausomeki, herufi zinanikimbia kama siafu waliomwagiwa maji. Mwalimu Kabula ameinama, uso wake uko karibu na wangu, ananukia chaki na moshi.

"Nani hayupo, Zuwena?"

Namjua! Namwona, sketi yake naiona, kijiti chake nakiona. Ila jina silipati. Ulimi unakwenda lilipokuwa jina, unakuta patupu. Nimelifuta. Nalia, nasema ngoja Mwalimu, ngoja kidogo, na nyuma viatu vinanyanyuka kimoja kimoja, vinaondoka.

Akakifumbua kiganja changu, akaweka kizibo. Kilikuwa laini, hakina jina.

"Mimi nilikungoja," akasema.

Nikazinduka. Jasho, khanga imenizonga shingoni, ngumi nimeikaza mpaka kucha zimeniacha alama. Nje ilikuwa alfajiri, jogoo wa jirani ameshaanza fujo zake. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Nyamizi." Nikalisema tena. Kabla sijanawa uso nilikichomoa kishikwambi nikaliandika upya, na mstari wake ukatokea mwekundu palepale, kama ulivyokuwa.

Nilitembea hadi kwao bila chai. Njiani najiuliza: Mwalimu Mkuu atasema nini, na chuo je? Nikamkuta kakaa kwenye kinu kilicholazwa mlangoni, amevaa sare, soksi kavuta mpaka magotini.

"Nyamizi! Si nilikwambia upumzike?"

"Nilivaa tu, Madam." Akateremka kwenye kinu. "Keshokutwa imefika?"

"Imefika. Twende."

Tukashika njia, mkono wake ndani ya wangu. Tulipoanza kuliona bati la shule, akanivuta mkono.

"Madam, na wageni wakichoka kuningoja?"

"Tutawaimbisha," nikamwambia. "Nyimbo zote tunazozijua. Zikiisha, tunarudia."