Goti la Mkwe

Mama yangu, Anatolia, akiamua kuficha jambo anaweza kuficha mkungu wa ndizi kwenye chumba kitupu. Goti lake la kulia alilificha karibu miaka miwili, na aliyeumia zaidi ni bibi yangu Gaudensia, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Wanakaa Maruku, nje ya mji wa Bukoba, kwenye kibanja kimoja. Nyumba ya mama iko mbele, karibu na barabara. Ya Bibi, aliyemzaa baba yangu, iko nyuma ya migomba, mwendo wa dakika tano kwa mwenye magoti mazima. Tangu aolewe, kila Jumapili akitoka kanisani mama alipita kwa Bibi, akapiga magoti kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni, akamshika mikono, wakasalimiana ile salamu yetu ya Kihaya isiyo na haraka, inayouliza mpaka habari za kuku. Kwetu mkwe hamsalimii mama mkwe amesimama. Baba alipofariki, salamu iliendelea vilevile.

Goti lilianza kwa kukwaruza ndani, kisha likawa linavimba kila akishuka shambani. Mama akalipaka dawa za kuchua, akalikanda kwa majani, akanunua vidonge vya maumivu dukani na kuvimeza bila kula chochote mpaka tumbo nalo likaanza kulalamika. Siku moja kwenye msiba wa jirani alipiga magoti kumsalimia mzee Kyaruzi, akashindwa kuinuka. Wanaume wawili walimnyanyua kwa makwapa. Wasichana fulani wakacheka, na kwa mama yangu, mwenyekiti wa akina mama wa usharika, hiyo ilitosha. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa Bibi. Alituma watu. Jumapili hii maharage, Jumapili ile senene wa kukaanga, na kila mara udhuru mpya: kikao, mafua, mvua.

Bibi ana miaka tisini na moja. Mvua gani hiyo ya kunyesha kwenye njia moja tu?

Mimi nafundisha shule na naishi Kitendaguro, upande wa mjini, kwa hiyo mambo haya yalinifikia yakiwa yameshapoa. Nilipokwenda Maruku wakati wa likizo, Bibi alinishika mkono akasema, "Hellen, muulize mama yako nilimkosea nini. Sitaki kufa sijajua." Nililia njia nzima ya migomba, na nilipofika kwa mama nilikuwa nimeshakasirika.

"Mama, unamtesa."

"Afadhali aone nina kiburi," akajibu, "kuliko anione nakwama sakafuni kama ng'ombe kwenye tope. Mkwe asiyeweza kupiga magoti ni mkwe gani?"

Sikubishana naye. Wiki hiyo hiyo nilimpeleka hospitali mjini Bukoba. Walimpiga picha ya goti, na daktari akatuelekeza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole aitwaye Kahigi. Huyo alituonyesha kwenye picha jinsi gegedu, ule mto laini unaotenganisha mifupa, ulivyolika. Hautarudi, alisema, lakini maumivu yanaweza kupungua sana. Apunguze uzito kidogo. Vidonge asijinunulie tena, atumie alivyoandikiwa na daktari, tena baada ya kula. Atembee na fimbo, aishike mkono wa kushoto kwa sababu goti baya ni la kulia. Na kila siku akae kwenye kiti, afunge kifuko cha maharage kwenye kifundo cha mguu, anyooshe mguu taratibu, ahesabu mpaka tano, aushushe.

"Na kupiga magoti?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Kupiga magoti na kuchuchumaa, acha."

"Nina mama mkwe."

Kahigi ni Mhaya. Aliweka kalamu mezani, akajibu kwa neno la heshima la kwetu. "Hilo sina dawa yake, waitu. Itabidi umwambie mwenyewe."

Mama alinyoosha mguu wake na kifuko cha maharage miezi mitatu, akinung'unika. Uvimbe ulipungua, akaanza kwenda sokoni na kurudi. Jumapili moja nikamwambia twende. Alivaa kitenge chake kizuri, akashika fimbo, tukapita kwenye migomba.

Bibi alikuwa kwenye mkeka wake, pale alipokaa maisha yake yote. Mama alishika mwimo wa mlango akaanza kushuka, uso umekunjamana. Hajafika hata nusu.

"Simama hapo hapo," Bibi akasema. "Ni goti?"

"Ni goti, Mama."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili sasa."

"Mwaka wa pili nimekaa hapa natafuta nilichokukosea. Nimekumbuka mpaka maneno niliyokwambia mwaka ulioolewa."

Mama akaanza kulia pale pale mlangoni, amesimama na fimbo yake. Nikataka kumvutia kiti. Akakataa kwa kichwa, na nilielewa: mkwe atakaaje juu ya kiti na mama mkwe yuko chini?

Bibi naye alielewa. "Hellen, lete viti viwili," akasema.

Bibi yangu hakai kwenye viti. Husema viti ni vya wanaume na vya wageni. Nilimnyanyua kutoka mkekani, mwepesi kama kikapu kitupu, nikamkalisha. Mama akakaa mbele yake, wakashikana mikono, na salamu ikaanza: umeamkaje, wa nyumbani hawajambo, migomba, kuku, mvua. Ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia.

Miguu ya Bibi haikufika chini. Ilining'inia. Mama alipoiona aliinama palepale alipokaa, akauvuta ule mkeka kwa fimbo, akaukunja mara nne, akauweka chini ya nyayo za Bibi.