Tulivyohesabu Vyungu Ufipa

Siku ya kwanza kazini nilifika ofisi ya takwimu Sumbawanga nimevaa koti la kaka yangu, maana baridi ya mwezi wa saba kwetu haina adabu. Mkuu wa ofisi alinitazama nilivyopotelea ndani ya koti lile, akasema, "Binti, hapa hatuhesabu vichwa tu. Tunahesabu vyungu." Ndivyo nilivyofundishwa maana ya kaya: watu wanaopika na kula pamoja, hata kama wanalala nyumba tatu.

Nilipangiwa kijiji cha Chala. Kaya zilikuwa kubwa, fomu moja haikutosha. Kilichonitia wasiwasi ni uwiano wa jinsi, yaani wanaume wangapi kwa kila wanawake mia. Vijana wa kiume walikuwa wachache mno. Baadaye nilipohamishiwa Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika, niliwakuta wamejaa tele, wanavua na kujipikia ugali mbichi.

Lakini kabla sijahama Chala nilifika kwa mzee mmoja mjane, mwenye nyumba yake ndogo ukingoni mwa uwanja wa mwanawe. Yule mwana alisema baba yumo kwenye kaya yake, kwa kuwa chakula kinapikwa na mke wake. Kwa kanuni zetu alikuwa sahihi. Mzee alivaa kofia kwanza, ndipo akaniuliza, "Nikiandikwa chini ya mwanangu, mimi nimebaki nani?"

Mkamwana wake alikuwa anachekecha unga pale pembeni. Alisema bila kuinua uso, "Ulezi huu ni wa shamba la baba. Mahindi yetu yaliisha zamani. Sisi ndio tunaokula kwake."

Mume wake alitazama chini, halafu akacheka. "Basi mwandike baba." Nikamwandika mzee kuwa mkuu wa kaya. Hakuniacha niondoke mpaka nimekunywa uji.

Msimamizi wangu alinung'unika. Kwenye hesabu zake wazee na watoto huitwa tegemezi, watu wanaolishwa na wenye umri wa kufanya kazi. Aliniuliza, watoto wakipungua na wazee wakiongezeka, nani atawalisha? Nilimshauri aende Chala akale.

Sasa hayo aliyoyahofia yanatokea duniani kote, na kwetu yameanza kubisha hodi. Mimi nimezaliwa nyumba ya watoto tisa. Binti yangu ana wawili na amesema basi. Siogopi kama wanavyoogopa wakubwa redioni. Wajukuu wangu kila mmoja ana sare yake ya shule, na wana bibi wa kuwakera kila asubuhi. Mimi bibi yangu sikumwona kabisa.

Sensa iliyopita ilinikuta nimestaafu, naishi Malangali, hapa hapa Sumbawanga, kwa huyo binti. Karani, msichana mpole, aliniamkia shikamoo, kisha akauliza mkuu wa kaya ni nani. Binti yangu aliniangalia kwa aibu. Nyumba ni yake, mshahara ni wake. Niliumia, sikatai, nikamkumbuka yule mzee na kofia yake.

"Andika yeye," nikasema, na binti akashusha pumzi.

Karani akafika kwenye swali la kazi yangu. Bila kuniuliza, kidole chake kilikuwa kimeshaelekea mahali pa wasiofanya kazi kwenye kishikwambi.

"Ngoja kwanza, mwanangu," nikamwambia. "Hapo uani umeukwepa ulezi ulioanikwa. Huo ni wangu, na humu ndani ndio tunaokula. Andika mkulima."