Kicheko cha Mpiga Dramu

Mume wangu ni fundi wa kurekodi muziki, na usafi wa sauti kwake umekuwa ugonjwa. Nyumbani hajui ufagio unakaa wapi, lakini studioni, kile chumba chetu cha nyuma, akisikia mtu amemeza mate katikati ya wimbo, anakata. Wanamuziki wanamwita Dobi. Adui yake mkubwa ni kuvuja, yaani sauti ya chombo kimoja kupenya kwenye maiki ya kingine, ndiyo maana chumba kile kina magodoro mengi kuliko bweni.

Mpwa wake, binti wa dada yake, anapiga gitaa kwenye bendi ya roki ya wasichana watatu. Walipokuja kurekodi ilikuwa mara yao ya mwisho pamoja, kwa sababu mpiga dramu alikuwa anahamia nje ya nchi. Walipiga mpaka vikombe vyangu vikatetemeka kabatini. Kwenye pigo la mwisho, kijiti kikamponyoka mpiga dramu, kikaruka, kikagonga kioo cha chumba cha mitambo. Dobi akazama chini ya meza. Msichana yule akaangua kicheko cha kushika mbavu.

Mpwa alipokuja kusikiliza kazi iliyokamilika, wimbo ukaishia kwenye kimya kitupu.

"Mjomba, kicheko kiko wapi?"

"Nilikikata. Na diski ilikuwa imejaa, nikafuta mabaki yote ya maiki za dramu."

"Umekifuta kabisa?"

"Mwanangu, ile ilikuwa kelele."

"Kelele ndiyo sisi!" Machozi yakamlengalenga. Anasomea mambo ya habari chuoni, hivyo akikasirika hutoa mhadhara. "Mashine haihifadhi wimbo tu, mjomba. Inahifadhi chumba na waliokuwemo. Wimbo nitaupiga tena hata kesho. Ile siku nitaitoa wapi?"

Nilimhurumia Dobi, lakini nilikuwa upande wa binti, na nikamwambia waziwazi.

Wakampigia simu mpiga dramu, wakamwomba acheke. "Ha. Ha. Ha," akasema, kama mtoto anayesomeshwa ubaoni. Mwenyewe aliona haya, akaomba radhi.

Dobi akarudi kwenye mitambo, akavaa hedifoni, akafungua rekodi ya gitaa peke yake. Akaenda mwisho kabisa, pale nyuzi zinapofifia, sehemu aliyokuwa ameizima kwenye wimbo. Akapandisha sauti. Akafumba macho.

"Kimevuja," akasema taratibu.

Magodoro yote yale, na bado kicheko kilikuwa kimepenya! Kilisikika kwa mbali, kimeshikana na mlio wa gitaa, wala hapakuwa na namna ya kuvitenganisha.

"Nikiache hivi hivi, kichafu?" akauliza, akimvalisha mpwa wake hedifoni.

Binti alikuwa anacheka na mwenzake aliyemo ndani ya hedifoni, wote kwa pamoja, na machozi yalikuwa bado hayajamkauka.