Rafiki Yangu Alisema Asirekodiwe

Sipendi kuambiwa "nia ilikuwa njema." Mchungaji wetu hapa Toronto huligawa neno hilo kama peremende, na mimi limenichosha.

Rafiki yangu ni Mwirani. Tunafanya kazi ofisi moja Richmond Hill, kupokea simu za watu wenye malalamiko ya bima. Kwao Tehran alifundisha falsafa ya siasa chuo kikuu, mpaka siku alipouliza darasani kama mtawala anayesema kwa jina la Mungu anaweza kukosea. Wanafunzi wake wakamchongea, akafukuzwa. Baadaye alifundishia nyumbani, vitabu vilivyokatazwa, na wageni waliingia na viatu mkononi hadi chumbani, majirani wasijue wako wangapi. Kaka yake alibaki kule, naye wakati huo alikuwa bado anafundisha chuo kikuu.

Nilimwalika kwenye ushirika wetu wa Wakenya kwa sababu mchungaji alishikilia wimbo mmoja: nyumbani kungenyooka kama nchi ingeongozwa na watumishi wa Mungu. Nilitaka amsikie mtu aliyetawaliwa na watumishi wa namna hiyo. Rafiki yangu alikubali kwa sharti moja: asirekodiwe, kwa ajili ya kaka yake. Nilimweleza mchungaji ana kwa ana. "Usijali, dada," akasema.

Lakini kwetu ibada isiyorushwa mtandaoni ni kama haikuwako. Lazima shangazi wa Nakuru atazame, na binamu wa Eldoret aandike amina. Rafiki yangu aliongea kwa utulivu. Alisema hakuikimbia dini, aliwakimbia watu wanaoitumia kufunga wenzao midomo, na kwamba watu hao wamo katika kila dini. Hajaketi vizuri, mchungaji kanyakua kipaza sauti na kumshukuru Mungu kwa "ushuhuda wa dada aliyetoka gizani." Ndipo nikaiona simu, imesimamishwa katikati ya maua ya jukwaani, inarusha kila kitu.

Nilimvaa palepale. Akanijibu kwamba ushuhuda ni wa kubariki wengi, tena akitabasamu. Alipokuja kuifuta ile video, watu walikuwa wameshaisambaza.

Kaka yake aliitwa kuhojiwa. Alikwenda na hakurudi. Rafiki yangu aliniambia habari hiyo jikoni pale kazini, ameshika kikombe kitupu. Nilimpigia mchungaji nikamfokea mpaka sauti ikanikauka. Akasema kwa ule upole wake unaoniudhi, "Nipe jina lake tumwombee."

Nikamwambia jina hapati, na akithubutu kumtaja popote tutaonana wabaya. Nikakata simu.

Jioni ile ujumbe uliingia kwenye kundi la ushirika. Mchungaji alikuwa amemtafuta mwenyewe kwenye tovuti ya chuo cha kule, kwa jina la ukoo la dada yake. Palikuwa na jina kamili, idara anayofundisha na picha ya uso wake, na chini yake mchungaji ameandika kwamba ndugu huyu amekamatwa kwa sababu amempokea Yesu.

Hajawahi kumpokea. Ni Mwislamu, na kule kushtakiwa kuacha Uislamu kunaweza kumtia mtu kitanzini. Niliandika wafute, wafute sasa hivi. Ujumbe wangu ulizama katikati ya amina, na watu wakaendelea kuituma picha yake kwa wengine.