Bei ya Mapacha

Jirani yangu mpiga picha za watoto amefungua chumba chake cha picha, hii ni wiki ya tatu sasa, na ubao wake wa bei bado haujatulia. Anaandika kwa chaki, anarudi nyuma hatua mbili, anakunja uso kama anayeonja chumvi, kisha anafuta kwa kidole gumba, ambacho ni cheupe tangu asubuhi. Alianza kwa kutoza kila picha, akagundua mtoto anayelia anamchukulia saa nzima kwa picha moja, akafuta. Sauti yake haipandi, hata mtoto akiipiga taa teke.

Juzi baba mmoja alimletea mapacha wa kike waliovaa sare, akaanza kuomba apunguziwe. "Dada, hawa wanafanana. Piga mmoja, nitolee nakala mbili." Sisi tuliokuwa mlangoni tulicheka. Jirani yangu hakucheka. Alichuchumaa, akamfunga mmoja kamba ya kiatu, akasema taratibu, "Sawa, kaka. Nichagulie wa kupiga."

Mabinti wote wawili wakamgeukia baba yao, wakasubiri.

"Piga wote," akasema, na bei hakuitaja tena.